Kinga Isiyomgusa Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya meza yangu ya kazi kwenye ghala la silaha, na bunduki iliyokuwa mezani ikaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikasema bado.

"Kunywa kwanza," ikasema. "Mtu mwenye njaa hukaza sana."

Nikanywa. Chai ilikuwa kwenye kopo la mafuta ya bunduki, na ilikuwa nzuri, ila haikuwa na sukari.

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani, mtu asije akadhani nimezoea kuongeleshwa na bunduki. Naitwa Tusekile. Ni mtunza silaha katika hifadhi ya wanyama huku milimani, kwenye mvua na migomba. Askari wakirudi doria mimi ndiye ninayepokea bunduki zao, nazisafisha, nazitengeneza. Iko moja ya nusu-otomatiki, zile zinazojikoki zenyewe kila zikipiga, ambayo ilikuwa inapiga pembeni. Askari walilaumiwa macho yao mpaka wawili wakanunua miwani. Kosa halikuwa la macho. Lilikuwa la kinga, yaani kile kifuniko cha mbele ambacho mkono wa kushoto hushika usiungue. Kinga ya zamani ilikuwa imeubana mtutu mbele na nyuma. Askari akiegemeza bunduki kwenye mti, mti unaisukuma kinga, kinga inausukuma mtutu, na risasi inakwenda kwa watu wengine.

Sasa tumeletewa kinga ya namna nyingine. Hii inashikwa mahali pamoja tu, huku nyuma, pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Kwingine kote inauzunguka mtutu bila kuugusa. Mafundi huiita kinga inayoelea. Nilitakiwa kuifunga leo asubuhi, na nilikuwa sijawahi.

Halafu kuna ya nyumbani. Baba mkwe wangu alifanyiwa upasuaji wa macho, akaja kukaa kwetu apate nafuu. Sisi ni Wanyakyusa, na yeye ni wa zamani. Kwa desturi anayoishika, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hampi mkono, wala hamtaji jina. Wengi wameshaacha. Yeye hakuacha, na mimi nilipoolewa nilikubali. Ndiyo maana hata hapa jina lake silisemi, waulizeni wengine. Nyumba yetu ya hifadhi ina mlango mmoja. Mzee akiwa sebuleni mimi natokea dirishani, na magwanda yangu ya kazi. Akitaka kitu na mume wangu hayupo, anaiambia redio. "Wewe redio," anasema, "kama kuna mtu anasikia, maji ya kunywa yamekwisha." Mimi nayasogeza maji chini ya pazia na kuiambia redio kwamba yapo.

Mume wangu Anyosisye ndiye mwenye taabu. Tangu baba yake afike hamwachii. Anamshika kwenda chooni, anamshika kurudi, anamshika akiwa amekaa kwenye kochi. Juzi nilimsikia mzee akiiambia redio kwamba anataka kurudi kwake. "Hapa nimekuwa gunia," alisema. "Nabebwa na kutuliwa." Redio haikujibu. Mimi pia sikujibu, kwa sababu hakuniambia mimi.

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Basi nimemaliza chai. Kanuni ya kwanza ya kazi yangu inasema kwamba kabla hujafanya lolote na bunduki, hakikisha haina risasi. Utazame kwa jicho, kisha upapase kwa kidole. Nikafungua, nikatazama. Ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, alikuwamo mtu mzima mwenye ndevu, mdogo kama punje ya mahindi, ameshika ufagio.

"Hamna kitu," akasema. "Nimefagia mwenyewe."

"Lazima nipapase."

"Papasa, lakini futa kidole. Nimeshapiga deki."

Nikafuta kidole kwenye gwanda, nikapapasa. Sakafu ilikuwa na majimaji bado. Nikamwambia kazi nzuri, naye akaenda zake na ndoo.

Hapo mtutu ukakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Baba mkwe hukohoa namna hiyo anapotaka kuingia mahali, ili mimi nipate nafasi ya kutoka. Nikatafuta dirisha. Ghala la silaha halina dirisha, kwa sababu za kiusalama.

"Wewe jiriwa," ukasema mtutu. Jiriwa ni lile koleo kubwa la mezani linaloshikilia kitu kisicheze. "Wewe jiriwa, kama kuna mtu anasikia, mwambie asikimbie. Mimi nimefungwa hapa. Siendi popote."

Nikageukia ukutani. "Wewe jiriwa," nikasema, "mwambie nimesikia."

"Amesikia," likasema jiriwa. Lilisema kwa taabu, kama mtu mwenye muhindi mdomoni, kwa maana bunduki yenyewe ilikuwa mdomoni mwake.

Kuanzia hapo sikuweza tena kuutaja mtutu. Jina la mkwe halitajwi. Mwongozo wa kufunga kinga umejaa neno hilo, kila mstari, na kila nilipolifikia ilibidi niseme yule mrefu. Kumtazama pia haifai. Nikajitanda kitenge usoni, nikafanya kazi kwa kupapasa. Si vigumu ukishazoea; nati haina mambo mengi.

Nilianza na kuvua kinga ya zamani. Nikaipapasa, nikakuta ina mikono. Nikapapasa mikono, nikakuta saa. Ilikuwa saa ya mume wangu, yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amemkumbatia yule mrefu kwa mbele na kwa nyuma, shavu limelala juu yake.

"Baba Lugano," nikamwambia, "mwachie." Lugano ni binti yetu, yuko shule ya bweni, katika ndoto hii hamo.

"Ataanguka."

"Yuko kwenye jiriwa."

"Jiriwa nalo linaweza kuanguka."

"Siwezi," likasema jiriwa. "Nimefungwa kwa boliti kwenye meza."

"Na meza?"

Meza haikujibu. Nadhani ilikuwa haijawahi kulifikiria jambo hilo.

"Wewe jiriwa," akasema yule mrefu, "mwambie mwanangu hivi. Mimi nikipiga chafya lazima nitikisike. Kila mwenye mwili hutikisika akipiga chafya, hata ng'ombe. Ng'ombe akipiga chafya hakuna anayekwenda kumshika. Lakini mimi nikianza tu, huyu ananikamata, na chafya inatoka upande. Ya mwisho imeingia kwenye sufuria ya jirani."

"Ilikuwa na nini?" nikaliuliza jiriwa.

"Kande," akasema yule mrefu. "Waliwasamehe watoto, wakidhani ni wao."

Nikachukua bisibisi. Kila skrubu niliyoitoa ilisema asante na kwenda kukaa kwenye kisahani na wenzake, ikikunja miguu. Ya mwisho ilipotoka mume wangu akalegea mwenyewe. Nikamtungika ukutani kwenye msumari wa kutungikia mikanda. Alikaa pale kama mtu aliyefika msibani akaambiwa msiba ni wa kesho.

"Mimi nilikuwa nasaidia tu," akasema.

"Najua, baba Lugano."

Sasa boksi la kinga mpya linabisha hodi. Linabisha kutoka ndani.

"Karibu," nasema.

"Siingii," anajibu wa ndani. "Natoka."

Anatoka. Ni mrefu, mweusi, ana matundu ubavuni ya kupitisha hewa, na amejitanda kitenge. Najua kwa kupapasa kwamba ni kitenge kama changu, na doa la grisi liko palepale kwenye pindo. Hata harufu ni ya sabuni ninayofulia mimi. Jambo hilo halinishangazi. Namwambia tu kwamba tumechelewa.

"Yule mrefu kwenye jiriwa ni nani wako?" ananiuliza.

"Baba mkwe."

"Basi na kwangu ni baba mkwe. Mimi simgusi."

"Hata mwongozo unasema usimguse."

"Mwongozo umeandikwa na Wanyakyusa?"

"Umeandikwa kiwandani, ng'ambo."

Akafikiri. "Kumbe na wao wana wakwe," akasema.

Kazi ngumu ilikuwa ya nati. Kuna nati moja kubwa inayomshika yule mrefu shingoni, asichomoke kwenye mwili wa bunduki, na kinga hii mpya haishiki kitu kingine chochote isipokuwa nati hiyo. Ikilegea, wote wawili wanacheza. Ikikazwa mno, inaumia. Niliipapasa kisahanini, nikakuta ni wifi yangu Subilaga, dada mkubwa wa mume wangu, anayeuza mchele Kyela. Nilikuwa sijui kwamba yeye ni nati, ingawa katika ukoo ule hakuna jambo lisilopitia kwake.

"Ugonile, wifi," akanisalimia kwa Kinyakyusa. "Nikaze, lakini kwa adabu. Mgongo wangu unaujua."

Spana ilikuwa ni ile ya kipimo, inayokuarifu nguvu zikitosha. Ilikuwa imevaa tai. Sauti yake ilikuwa ya mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaotangaza matangazo baada ya ibada.

"Zikitosha nitasema Amina," ikasema. "Baada ya Amina mtu asiongeze."

Nikaanza kukaza. Wifi Subilaga alikuwa anaongea muda wote: kwamba mchele umepanda, kwamba huku kwetu baridi inauma, kwamba kaka yake amekonda na nani anampikia. Nikakaza kidogo zaidi, akanyamaza.

"Amina," ikasema spana.

Wote tuliokuwa tumekaa tukasimama. Skrubu kwenye kisahani nazo zikasimama.

Ndipo kukawa na mtu mwingine mlangoni, mwembamba kupita kiasi, na mfuko wa moshi begani. Alikuwa bomba la gesi. Huyu kazi yake ni kuchukua moshi mbele, bunduki ikishapiga, na kuurudisha nyuma ili bunduki ijikoki tena. Njia yake inapita kwenye tundu lililo pembeni mwa nati, na hakuna njia nyingine.

"Hodi hapa," akasema. "Mlango uko wapi?"

Tulipapasa. Mlango wa wifi Subilaga ulikuwa umeelekea Mbeya. Bomba lilikuwa linatokea Tukuyu.

"Geuka kidogo, wifi," nikasema.

"Amina imeshasemwa."

"Nafasi ipo," ikasema spana, baada ya kufikiri. "Kanuni inaruhusu kukaza kidogo zaidi mpaka mlango ukae sawa. Kulegeza kurudi nyuma ndiko hakuruhusiwi. Tunaweza kuimba ubeti mmoja."

Tukaimba ubeti mmoja. Mume wangu aliimba besi kutoka msumarini. Nilikuwa navuta spana kadiri wimbo ulivyokwenda, na tulipofika mwisho wa ubeti mlango ulikuwa umetazamana na bomba kabisa. Likapita na mfuko wake wa moshi bila kugusa kizingiti.

"Ndaga," likashukuru kwa Kinyakyusa, na kuendelea na safari.

Nikamchukua kinga mpya. Alipita juu ya yule mrefu taratibu, amebana pumzi, akakaa kwenye nati. Nikafunga skrubu zake. Nikaondoa mkono.

Mwongozo ulisema kinga ielee. Ikaelea.

Iliinuka, na kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwenye nati, ikainuka na nati. Nati ikainuka na bunduki. Jiriwa halikuachia, kwa hiyo likainuka, na meza ikafuata kwa sababu ya boliti. Meza ilikuwa imechimbiwa sakafuni tangu ghala lijengwe. Ghala zima likang'oka kama jino la mtoto, bila damu.

Tunapita juu ya mashamba ya chai. Ni mchana, kuna jua na manyunyu pamoja. Mlango wa ghala uko wazi na mimi nimesimama kizingitini, nimefunua kitenge kidogo kwa upande wa nje, ambako hakuna mkwe. Wachumaji wako chini na vikapu mgongoni. Mama mmoja anainua uso.

"Mama Lugano, mnakwenda wapi?"

"Hatuendi. Tunaelea."

"Haya. Mkifika mtusalimie."

Anaendelea kuchuma.

Nilikuwa naona raha, nasema ukweli. Kwa mara ya kwanza tangu mzee aje, nilikuwa chumba kimoja naye bila kutafuta pa kutokea. Nikasema moyoni, kumbe kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kinga ikishafungwa lazima ikaguliwe. Unachukua karatasi, unaipitisha kati ya kinga na yule mrefu, unaizungusha pande zote. Ikipita, hawagusani. Ikikwama, wanagusana. Katika ndoto hii karatasi alikuja mwenyewe. Aliingia mlangoni kutoka hewani, amepigwa pasi, kofia kwapani.

"Afande Karatasi," akajitambulisha. "Ukaguzi."

Nikampigia saluti. Jiriwa likajaribu kupiga saluti, likashindwa kwa kukosa mkono.

Afande Karatasi akaingia kwa mbele, kati ya kinga na yule mrefu, kiubavuubavu. Tukamsikia anapiga mluzi humo ndani. Mluzi ukawa unakwenda, unazunguka kwa chini, unapanda upande wa pili. Kila mtu ghalani alikuwa anausikiliza. Halafu ukakatika.

"Nimekwama," akasema Afande Karatasi.

"Wapi, afande?"

"Hapa katikati. Kuna mkono."

Wifi Subilaga akasema jambo kwa Kinyakyusa ambalo sitalirudia. Mimi nilipeleka vidole matunduni, nikapapasa. Ni kweli. Kinga alikuwa amemshika baba mkwe kiwiko.

"Umemshika mkwe?" nikamwuliza.

"Alitikisika," akasema. Sauti yake ilikuwa yangu. "Nilidhani anaanguka."

"Wewe jiriwa," akasema yule mrefu, "mwambie sikuwa naanguka. Nilikuwa naanza chafya."

"Hakuwa anaanguka," jiriwa likaanza, lakini halikumaliza, maana sasa tulikuwa tunaanguka sisi.

Kitu kinachoelea hakitakiwi kugusa. Kikigusa, hakielei tena. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi na hakuna aliyebisha. Ghala likaanza kushuka, polepole kwanza. Kisahani cha skrubu kikapanda darini. Mashamba ya chai yakawa makubwa, nikaanza kuona mti mmoja mmoja, kisha jani moja moja. Kisha nikaiona nyumba yetu, ile ya hifadhi yenye mlango mmoja, inakuja chini yetu. Na uani, kando ya kamba ya nguo, alikuwa amesimama Anyosisye. Sijui alishukaje msumarini. Alikuwa amefungua mikono yote miwili ili alidake ghala.

"Baba Lugano, ondoka hapo," nikasema.

"Lina baba ndani," akajibu kutoka chini. Hakusogea.

Nikarudi mbio mezani.

"Mwachie mkwe," nikamwambia kinga.

"Siwezi. Nikimwachia akaanguka, watasema nini? Watasema mke wa mwana alikuwa hapo hapo, mikono anayo, akamwacha mzee akaanguka. Watasema ndiyo maana alikuwa hamsalimii."

Nilimwelewa. Maneno hayo ni yangu. Huwa nayasema usiku nikiwa macho, namsikia mzee akipapasa ukuta kuelekea mlangoni, nami niko nyuma ya pazia na mikono yangu.

"Sikwambii uondoke," nikasema. "Kaa hapo hapo. Kaa pande zote, juu, chini, kushoto, kulia. Sogeza tu kiwiko. Mwachie nafasi ya Afande Karatasi."

"Nafasi yake ni ndogo sana."

"Ndiyo hiyo hiyo inayotosha."

"Nathibitisha," akasema Afande Karatasi kwa sauti ya kubanwa. "Mimi ni mwembamba. Nipimeni."

Paa letu lilikuwa limefika karibu. Niliona bati lililotoboka ambalo tumeomba litengenezwe tangu mwaka juzi, na sufuria iliyo chini yake nikaiona kupitia tundu. Kinga akavuta pumzi. Akaondoa kidole cha kwanza, kisha kingine. Kiganja kikafuata. Hakukipeleka mbali. Alikiweka pembeni ya kiwiko cha mzee, kimekunjuka, kama mtu anayezuia mshumaa usizimwe na upepo.

Mluzi ukaanza tena. Ukapita katikati, ukazunguka, ukatokea nyuma.

"Safi," akasema Afande Karatasi. Alikuwa amekunjamana upande mmoja.

Ghala likasimama hewani juu ya nyumba yetu, kando ya antena. Kuku mmoja aliyekuwa juu ya paa akasogea, akatupa nafasi. Mume wangu alikuwa chini yetu na mikono yake wazi, na kati ya mikono na sakafu ya ghala kulikuwa na nafasi ndogo, nayo ilikuwa inatosha.

Basi baba mkwe akapiga chafya.

Aliikusanya tangu shingoni. Akatikisika apendavyo, kutoka shina mpaka mdomo, juu na chini, kama mtu mwenye mwili wake. Hakuna aliyemshika. Kinga alitetemeka kwa hofu lakini alikaa mahali pake. Chafya ikatoka imenyooka. Ikapita mlangoni, ikapita juu ya mashamba ya chai, juu ya kambi ya askari, mpaka uwanja wa mafunzo upande wa pili wa kilima, ikaingia katikati ya lile duara jeusi la shabaha.

"Afya, mzee," shabaha ikasema kutoka huko.

Jiriwa lilikuwa limesahau kazi, likaachama kwa mshangao, na bunduki ilikuwa inaelea peke yake juu ya meza, haikushikwa na chochote.

"Wewe jiriwa," akaanza baba mkwe. Halafu akagundua kwamba jiriwa haliko mdomoni mwake tena, au yeye hayuko mdomoni mwa jiriwa. Akakohoa. "Wewe kitenge," akasema, "mwambie aliyekuvaa kwamba leo amekaa karibu vizuri."

"Wewe kitenge," nikasema, "mwambie nimesikia."

"Mmesikilizana wenyewe," kitenge kikasema. "Mimi nimechoka. Kila siku natumwa."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua ya asubuhi ilikuwa inagonga bati, na sufuria chini ya tundu ilikuwa inaitikia. Sebuleni nilimsikia mume wangu anasema, "Baba, subiri, usisimame, nakuja nikushike."

Nikamwita kupitia pazia. Akaja, amebeba kandambili za mzee.

"Baba Lugano, leo usimshike."

"Akianguka?"

"Utakuwepo. Tembea naye tu. Weka mikono karibu, lakini usimguse mpaka akuombe."

"Karibu kiasi gani?"

"Kiganja kisimfikie, ila kiwe njiani."

Alinitazama kama anataka kuniuliza nimeyatoa wapi. Alirudi sebuleni. Nikasikia kochi linalia, mzee anainuka. Nikasikia fimbo, kisha kandambili, kisha nyuma yake viatu vya mume wangu vikienda kwa hofu, kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki. Mlango ulifunguliwa. Walikaa nje muda mrefu kuliko siku zote. Mara moja niliwasikia wamesimama, nikashika pazia, halafu fimbo ikaendelea. Mzee alikuwa anamwonyesha mwanawe kwamba migomba yetu imepandwa karibu mno.

Waliporudi mzee alikaa, akapumua, akaongeza sauti ya redio kisha akaipunguza.

"Wewe redio," akasema, "nilikuwa nimefungasha nguo zangu kwenye mfuko. Mtu akipata nafasi azitoe, zitaota ukungu. Mvua za huku naona bado zinaendelea."

"Wewe redio," nikasema nyuma ya pazia, "mwambie zitatolewa."

Nikakaa kitandani kufunga kamba za buti, maana bunduki ilikuwa inanisubiri. Sisimizi mmoja alikuwa anapita sakafuni na chembe ya sukari. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kitanda, nikategemea akifika atazunguka. Hakuzunguka. Aliingia chini ya mguu wa kitanda na mzigo wake, akatokea upande wa pili, akaendelea na safari.

Nikamaliza kufunga kamba. Kisha nikashuka kitandani taratibu, nisije nikakibonyeza kikagusa sakafu.